Chikungunya: Maradhi Yaliyopata Jina Lake Newala

Wanatiba wana desturi ya kuyapa maradhi majina ya matabibu walioyaeleza mara ya kwanza, au majina ya mahali yalipoonekana. Ebola ni mto wa Kongo, na Zika ni msitu wa Uganda. Ama maradhi tutakayoyazungumzia katika makala haya, jina lake halikutoka kwa tabibu wala katika ramani, bali lilitoka katika vinywa vya wagonjwa wenyewe, nao ni Wamakonde wa Newala, kusini-mashariki ya Tanzania, mnamo mwaka 1952. Leo neno chikungunya hutamkwa na madaktari wa Brazil, India na Ufaransa, na huenda hata huku kwetu wako wanaolisikia wakadhani ni neno lililokuja na meli.

Tunakusudia kuieleza tarehe ya maradhi hayo kwa ufupi, na kuonesha kwa nini yalijulikana hapo na si penginepo. Faida ya kuyajua hayo itaonekana mbele, tutakapofika kwa watu ambao homa yao ilikwisha zamani lakini magoti bado yanauma.

Uwanda usio na mto

Anayetaka kuyafahamu maradhi haya na aanze na maji. Mafakihi nao huanza vitabu vyao na mlango wa maji kabla ya kufika kwenye sala na zaka, na sisi tutafuata mpango huo ingawa tunazungumza jambo jingine.

Uwanda wa Makonde umeinuka baina ya mto Ruvuma upande wa kusini na mto Lukuledi upande wa kaskazini. Mji wa Newala umekaa ukingoni mwake, na mtu akisimama mahali panapoitwa Shimo la Mungu huliona bonde la Ruvuma chini ya miguu yake, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Masasi iko magharibi, chini ya uwanda, katikati ya vilima vya mawe. Mvua huko juu hunyesha, tena si haba, lakini ardhi ni ya kichanga na huyanywa maji yote. Maji hayo huzama chini kabisa, kisha hutokea kwenye chemchemi mteremkoni na mabondeni. Kwa hiyo mkazi wa juu ana shamba zuri la mihogo lakini hana kijito hata kimoja. Wazee husimulia kuwa watu walipanda huko juu kutafuta salama wakati wa mashambulizi na biashara ya utumwa, wakaona bora kiu kuliko kutekwa. Karl Weule, Mjerumani aliyekuwa mtaalamu wa mila, alikaa Masasi na Newala mwaka 1906, na taabu ya maji ya Newala ni miongoni mwa mambo aliyoyaandika.

Maana ya taabu hiyo ni kwamba mwanamke huteremka bondeni, akajaza chombo, akapanda nacho mlima kichwani. Maji yaliyopatikana kwa jasho namna hiyo hayamwagwi. Huwekwa ndani ya nyumba, katika mtungi, yakatumiwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa, na mtungi huongezwa kabla haujakauka. Basi mtungi huo, uliomo kivulini na ambao haumalizwi maji, ndio nyumba aipendayo mbu anayeitwa Aedes aegypti.

Mbu huyu si yule wa malaria. Yeye huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakimzuii sana. Hataki madimbwi ya matope, hutaka maji safi yaliyotulia karibu na watu. Mayai yake huyabandika kwenye ukuta wa chombo juu kidogo ya maji, na yakikauka hayafi upesi, bali husubiri miezi mpaka maji yapande tena. Ndiyo maana kuumwaga mtungi peke yake hakutoshi, ni lazima usuguliwe ndani, kisha ufunikwe.

Mlipuko wa 1952 na 1953

Katika zama hizo za ukoloni wa Kiingereza, sehemu kubwa ya matibabu ya Jimbo la Kusini ilikuwa mikononi mwa misheni. Huko Lulindi, wilaya ya Masasi, Dk. Leader Stirling, mpasuaji wa Kiingereza aliyefika mwaka 1935, alijenga hospitali na kuwafundisha vijana wa huko kazi ya uuguzi. Aliondoka Lulindi mwaka 1949 akaenda Mnero, na baadaye, katika Tanzania huru, alikuwa Waziri wa Afya kuanzia 1975 hadi 1980. Tunamtaja kwa sababu mlipuko ulipokuja miaka michache baada ya kuondoka kwake, ulizikuta Masasi na Newala tayari zina watu waliozoea kumpokea mgonjwa, kumwandika na kumfuatilia. Mlipuko usioandikwa hauingii katika elimu, hata ukiugusa mji mzima.

Watu waliugua ghafla. Mtu alikuwa mzima asubuhi, na kabla ya jioni ana homa kali na viungo vyote vimekamatwa: vifundo vya miguu, magoti, viwiko na vidole. Wengi hawakuweza kusimama wima. Baada ya siku chache vipele hutokea mwilini, na homa huondoka. Waliokufa walikuwa wachache sana, lakini nyumba kwa nyumba watu walilala chini, na kijiji kizima kikakosa wa kwenda shamba na wa kuteka maji.

Aliyeandika hali za wagonjwa ni Dk. Marion Robinson. Aliyechunguza namna maradhi yalivyoenea vijijini, pamoja na mbu na vyombo vya maji, ni W.H.R. Lumsden, aliyetoka katika Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Afrika Mashariki iliyokuwa Entebbe, Uganda. Makala zao mbili zilitoka pamoja mwaka 1955 katika jarida la chama cha wanatiba wa nchi za joto kilichopo London. Kisha R.W. Ross, wa Entebbe vilevile, akatangaza mwaka 1956 kuwa amepata kirusi chenyewe katika damu ya wagonjwa na katika mbu, kwa kuwadunga panya wachanga. Makala yake aliipa jina la mlipuko wa Newala. Na katika damu zilizochukuliwa mwaka 1953 imo sampuli moja iliyopewa alama S27, ambayo mpaka leo ni kipimo ambacho maabara za dunia hulinganishia virusi vingine vya aina hiyo. Mwenye damu hiyo tarehe haikumhifadhi jina.

Kuhusu jina

Zipo kauli mbili juu ya neno chikungunya. Wako walioandika kuwa ni neno la Kiswahili, na kosa hili limenakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu, kila mwandishi akimtegemea aliyemtangulia bila ya kurudi kwenye asili. Kauli hii ni dhaifu. Kauli ya pili, nayo ndiyo sahihi, ni kuwa neno hili ni la Kimakonde, kutokana na kitenzi kungunyala, kwa maana ya kupindika au kujikunja, na chikungunya ni kile kinachompinda mtu. Mswahili atasikia mlio wa kujikunyata ndani yake, na huenda mlio huo ndio uliowadanganya baadhi ya waandishi.

Jambo hili si la Wamakonde peke yao. Mwaka 1959 ulizuka Uganda ugonjwa wa kirusi kilicho ndugu wa hiki, nao Waacholi wakauita o'nyong-nyong kwa jinsi unavyovunja viungo. Watu wa mbali mbali, bila ya kuambiana, waliacha kutaja homa wakataja viungo. Tunaona kuwa ushahidi wa mgonjwa katika hili ulikuwa wazi kuliko vitabu vya wakati ule, ambavyo homa zote za namna hii viliziita dengue tu.

Kidinga pepo cha Unguja

Je, maradhi haya yalianza mwaka 1952? Lililoanza hapo ni jina. Ama maradhi yenyewe, ipo hoja nzito kuwa pwani yetu iliyajua zamani.

Mwaka 1870 Unguja ilikuwa ndiyo kwanza inatoka katika kipindupindu kikali. Ni mwaka huo huo aliofariki Sayyid Majid na kutawala nduguye Sayyid Barghash. Alikuwapo mjini daktari wa Kiingereza, James Christie, ambaye ndiye aliyeandika kitabu mashuhuri cha kipindupindu cha Afrika Mashariki. Christie aliona homa nyingine ikiingia nyumba kwa nyumba, yenye kukamata viungo ghafla, na wenyeji wakiiita kidinga pepo. Aliwauliza wazee, nao wakamwambia kuwa wanaikumbuka, ilikwishapita zamani. Kwa hesabu yake ilikuwa ni mwaka 1823 hivi. Homa hiyo ilifuata njia za majahazi na meli, ikafika Aden mwaka 1871, kisha Bara Hindi. Christie alikuwa na rai kwamba hata neno dengue la Wahispania wa visiwa vya Karibi, lililotokea katika mlipuko wa 1827 na 1828, lilitokana na kidinga cha Waswahili, kwa njia ya watumwa waliovushwa bahari.

Wanatiba waliokuja baadaye walichukulia kuwa kidinga pepo ni dengue. Mwaka 1971 Donald Carey akapinga, akasema kuwa sifa zilizoandikwa na Christie, hasa maumivu ya viungo yanayobaki baada ya homa kuondoka, ni sifa za chikungunya. Kwa rai hii, jina la ugonjwa mmoja lilihamia kwa mwingine. Sisi tunaiona kauli ya Carey kuwa na nguvu zaidi, kwani dengue nayo huumiza mifupa, lakini haina desturi ya kumwacha mtu na viungo vilivyovimba kwa miezi. Hata hivyo ibaki kuwa ni dhana yenye nguvu na isiwe yakini, kwa kuwa damu ya 1870 haipo ya kupimwa. Na ajabu ni kuwa mpaka leo kwa Kiswahili tunaiita dengue homa ya kidingapopo, kama ilivyokuwa Dar es Salaam katika milipuko ya 2014 na 2019.

Lamu, Ngazidja, Réunion

Baada ya Newala, maradhi haya yalionekana Asia na Afrika kwa miongo kadhaa bila ya kuishughulisha sana dunia. Mwaka 2004 yakarudi katika pwani ya Waswahili, na hapa msomaji akumbuke ule mtungi wa Newala.

Lamu ilipatwa mwaka 2004 katika wakati wa ukame. Ukame na mbu wa maji ni mambo ambayo mtu angedhani hayakutani, lakini ukame ndio unaowafanya watu wahifadhi maji kwa muda mrefu, wasimalize birika wala kuiosha. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulionesha kuwa karibu robo tatu ya watu wa mji huo waliambukizwa. Mwaka 2005 ikawa zamu ya Ngazidja katika visiwa vya Ngazija, ambako asilimia 63 walikutwa na alama za maambukizi. Ngazidja ni kisiwa cha volkano kisicho na mto, na watu wake huishi kwa maji ya mvua yaliyowekwa mabirikani. Uwanda wa Makonde, mji wa Lamu na kisiwa cha Ngazidja ni sehemu tatu zilizo mbali mbali, nazo zimeshirikiana katika jambo hilo moja, la kuweka maji nyumbani kwa kulazimika.

Kutoka hapo kirusi kilivuka hadi Réunion, kisiwa kilicho chini ya Ufaransa, ambako mwaka 2005 na 2006 waliugua watu wapatao 266,000, yaani theluthi ya wakazi wote. Huko kilibadilika kidogo umbile lake, kikapata nguvu ya kubebwa na mbu mwingine, Aedes albopictus, ambaye huishi hata Ulaya. India mwaka 2006 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.3 walioshukiwa kuugua, na mwishoni mwa 2013 maradhi yakafika Karibi na kuenea Amerika yote.

Réunion ina hospitali na maabara za Kifaransa, na kwa sababu hiyo ndipo elimu ya upande wa pili wa maradhi haya ilipopatikana kwa wingi. Watafiti waliwafuatilia wagonjwa 147, na baada ya miezi 15 asilimia 57 kati yao walikuwa bado wanalalamika viungo. Wapo walioendelea kwa miaka. Wenye umri wa zaidi ya miaka 45 na waliokwishakuwa na matatizo ya viungo kabla ndio walioumia zaidi. Basi homa ya wiki moja ikatambulika kuwa inaweza kuzaa maradhi sugu.

Hapa tunataka kusimama kidogo. Makala za 1955 ziliandikwa mlipuko ukiwa bado mbichi, nazo zilihusu homa. Maumivu ya kubaki yalipata hadhi ya utafiti mkubwa miaka 50 baadaye, yalipowapata raia wa nchi tajiri. Hatuwalaumu watafiti wa Réunion, wamefanya kazi yao vizuri. Lakini zao la Newala na Masasi ni korosho, na korosho huanguka chini, huokotwa moja moja kwa kuinama tangu asubuhi. Asiyeweza kukunja goti wala kushika kwa vidole hapotezi starehe, hupoteza mavuno ya mwaka. Na bibi asiyeweza kuteremka bondeni hupata maji kwa hisani ya watu.

Homa zote kuitwa malaria

Tunafikia sasa mas-ala ya mafunzo ya matabibu. Katika hospitali mbili za Moshi, KCMC na Mawenzi, kuanzia Septemba 2007 hadi Agosti 2008, watafiti waliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Madaktari waliandika malaria kwa asilimia 60.7 ya wagonjwa hao. Vipimo vya uhakika vilipofanyika, malaria ilikuwa ndiyo sababu kwa asilimia 1.6 tu. Na miongoni mwa waliopimwa virusi vya mbu, asilimia 7.9 walikuwa na maambukizi mapya, yote ni ya chikungunya, na hapana hata mmoja miongoni mwa madaktari aliyeifikiria. Hizi ni habari za Kilimanjaro, na mtu asizihamishe kusini kama zilivyo, lakini zinatosha kuonesha kuwa ugonjwa uliopewa jina Tanzania unaweza kulala katika wodi ya Tanzania bila ya kutambuliwa.

Tangu wakati huo kipimo cha haraka cha malaria kimefika mpaka kwenye zahanati, nayo ni neema kubwa. Lakini kipimo kikisema hapana malaria, swali linalofuata ni gumu, na mara nyingi jawabu huwa ni kupewa antibayotiki, ambayo kwa kirusi haina kazi. Mwanafunzi wa uganga au uuguzi katika vyuo vya Masasi na Newala hahitaji mashine ya Ulaya ili aanze kushuku. Anahitaji kumuuliza mgonjwa: je, viungo vilikamatwa siku ile ile ya homa? Nyumbani wameumwa wangapi? Maji mnaweka wapi? Haya yote Robinson na Lumsden waliyauliza kwa kalamu na daftari, na tungependa kuona makala zao zikisomeshwa katika vyuo hivyo kabla ya vya mbali.

Ama tiba, dawa mahsusi ya kukiua kirusi haipo. Mgonjwa hupewa maji ya kutosha na paracetamol, na huzuiwa aspirini mpaka dengue iondolewe shaka, kwa khofu ya kutokwa damu. Kwa aliyebaki na maumivu ya miezi, ziko dawa za kupunguza uvimbe, mazoezi ya viungo chini ya mtaalamu, na kwa wachache wenye uvimbe mkali dawa nzito zinazohitaji kupimwa damu mara kwa mara. Matunzo ya namna hii hutaka mgonjwa arudi kliniki kila mwezi kama anavyorudi mwenye kisukari au presha, na aandikwe katika daftari la maradhi sugu. Chanjo ya kwanza ilikubaliwa Marekani Novemba 2023, kisha ruhusa yake ikasimamishwa huko Agosti 2025 kwa sababu ya madhara makubwa kwa baadhi ya waliochanjwa. Ipo nyingine iliyokubaliwa mwaka 2025.

Maji ya Newala nayo yana tarehe yake. Tangu miaka ya 1950 yalifanyika majaribio ya kuyasukuma maji kwa mashine kutoka bondeni hadi juu, na katika miaka ya 1970 Finland iliingia katika miradi ya maji ya Mtwara na Lindi. Visima vya Mitema ndivyo vinavyotegemewa na mradi wa Makonde. Bomba likitoa maji kila siku, mtungi wa ndani hupungua kazi. Likitoa leo na kukatika wiki nzima, watu hujaza kila ndoo, pipa na tangi la saruji walilonalo, na mbu hupata nyumba nyingi kuliko alizokuwa nazo zamani za mtungi mmoja.

Imebaki kazi moja ambayo haihitaji maabara. Christie alipofika kwa wazee wa Unguja mwaka 1870 aliwakuta wanaokumbuka mambo ya takriban miaka 47 nyuma, na kwa maneno yao ukapatikana mwaka 1823. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 Newala mwaka 1952 leo amevuka 80. Wapo bado, na wanaweza kuulizwa kwa Kimakonde, Kimakua na Kiyao ni nani nyumbani kwao alilala chini, ni chemchemi gani walikokuwa wakiteka maji mwaka ule, na ni muda gani ulipita kabla mama zao hawajaweza tena kupanda mlima na mtungi kichwani.